Devoirs Zenye Salon Nzima Ilifanya

Acha niseme ile ya haya mbele, juu nikiichelewesha nitaogopa: mie mama muzima, miaka makumi ine na mbili, nilianguka hesabu ya quatrième primaire, darasa ya ine ya batoto. Na sikuanguka kwa siri. Ku masomo moya ya Laeken, huku kwa bazungu, mu bureau, kuko karatasi niliandika na mukono yangu, nikasigner: "Hizi devoirs zote za nyumbani, kuanzia octobre, si mutoto njo alifanya. Ni mie mama yake, pamoja na ma-clientes."

Pamoja na ma-clientes. Niliandika ile.

Mie nasukaka nywele mu salon moya karibu na Porte de Namur. Binti yangu iko na miaka tisa. Kisha masomo namufata Laeken, tunapanda métro, anakuja kukaa ku kiti ya mwisho mupaka nimalize kazi. Anafungua cahier, anaangalia hesabu, anapumua sawa muntu mwenye amelea batoto kumi.

— Maman, siwezi.

Na mie? Masomo niliiachia katikati ya quatrième secondaire, kule Bukavu. Niko na kiburi ya muntu mwenye hakufika mwisho: nawazaka nilibakisha kidogo tu. Mutoto akisema hawezi, peigne ya kuchanulia naishika na meno, nainama ku cahier. Na kwetu cahier ya mutoto haiko ya mutoto peke yake. Akishindwa mbele ya bantu bakubwa, ni haya ya bale bakubwa bote. Donc salon nzima inainama.

Siku moya ilikuwa trois cent quatre divisé par seize, mia tatu na ine kugawanya kwa kumi na sita. Maman moya chini ya casque ya kukausha nywele akapiga kelele, juu chini ya casque muntu hasikiaka sauti yake mwenyewe:

— Dix-huit!

Cliente wangu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akageuka na mukono yangu ndani ya nywele:

— Dix-huit wapi? Vingt-deux! Mie nilifanyaka commerce Uvira, utanifundisha kugawanya?

— Commerce gani, ile ya samaki yenye ilioza?

Ugomvi ikapanda. Rafiki yangu wa kazi, mama mwislamu wa Bujumbura mwenye anasukaka pembeni yangu, akainua peigne yake sawa juge mu kesi:

— Bamama, tusigombane. Tuchukue katikati. Vingt.

Katikati ya kumi na munane na makumi mbili na mbili: tukamwambia mutoto andika vingt, makumi mbili. Akaandika, na mwandiko muzuri kabisa. Chini ya taulo alikuwa na kitabu ya volkano, akarudia kusoma.

Tuliendelea vile mupaka Noël. Njo Madame, mwalimu wake, akaniambia devoirs ziko mbaya sana, na mu darasa mutoto iko polepole, anaangaliaka dirisha. Mwisho wa mwaka conseil ya bwalimu itakaa, labda arudilie darasa.

Kurudilia. Mie ile neno naijua. Nilirudiliaka troisième secondaire, na ku quatrième nikaanza kuona mulango kuwa muzuri kuliko tableau, ule ubao wa mwalimu. Mu métro sikucheka hata kidogo, na mie nachekaka hata ku matanga.

Dawa yangu ilikuwa gani? Kuongeza nguvu ku devoirs. Tukaingiza hata ba-clientes ba asubuhi.

Kisha Madame akaanza kuenda formation, masomo ya bwalimu, kila mercredi kisha saa sita. Nilifikiri ni ya ordinateur. Binti yangu njo alinielezea, mu métro:

— Maman, Madame amebadirika.

— Amekata nywele?

— Non! Formation yake ni ya batoto benye kichwa inakimbiaka mbele. Zamani ukimaliza fiche, ile karatasi ya hesabu, anakupatia ingine, ya sawasawa. Sasa anaanza na hesabu tano za nguvu. Ukipata nne, zenye zinabaki ku fiche unaacha, unatafuta swali yako mwenyewe.

— Ni ya bale ba akili, ile.

— Wiki ya kwanza alichagua yeye mwenyewe, bale banne ba mbele, benye banainuaka mukono. Kisha akarudi ku formation. Jeudi akasema: mwenye anataka, ajaribu.

— Na weye?

— Nilijaribu. Nilipata tano.

Nilicheka. Mungu anisamehe, lakini nilicheka. Mutoto mwenye salon nzima inamubeba ku mugongo!

Mwezi ya juin, mbele conseil haijakaa, Madame akaniita. Akaweka cahier mbili ku meza: ya darasa na ya nyumbani. Binti yangu iko pembeni yangu, anaangalia plafond, kule juu. Madame anasema Français ya polepole, ile banasemaka na wazazi sawa mie, na siku ile nilishukuru.

— Maman, hapa mu darasa, tano kwa tano, wiki kisha wiki. Hapa ya nyumbani, mbili ku kumi. Mie nilikosea pia, nilikuwa namuona muvivu. Ku formation balituambia mutoto anaweza kujificha. Lakini benzangu batasema alikopia ku jirani, na kweli yake ni hii ya nyumbani. Vendredi tunakaa conseil. Niambie, cahier gani inasema kweli?

— Ah, Madame, kule salon kuko kelele...

Mutoto akaendelea na plafond yake.

— ... kelele, na mwangaza iko mubaya...

Nikamuangalia. Nikaona: nikinyamaza, haya yangu itamubakilia yeye, na mwaka muzima juu yake.

— Madame, ile ya nyumbani ni mie.

— Munamusaidia?

— Hapana. Ni mie. Na benzangu.

— Bangapi?

— Inategemea. Vendredi tunakuwaka mingi.

Madame akaweka kidole ku page moya.

— Na hii vingt ilitoka wapi?

— Tulichukua katikati.

Akafunika kinywa na mukono, mabega ikaanza kutetemeka. Pale njo binti yangu alishuka ku plafond:

— Ilikuwa dix-neuf. Kumi na tisa.

— Ulijua?!

— Tangu siku ile.

— Na kwa nini ulisema huwezi?

— Ukiweza mbio banakuongezea ingine kumi. Ku masomo ilikuwa vile, na weye pia, maman.

— Na tulikuwa tunaandika za uongo, unatuangalia tu?

— Mulikuwa munafurahi.

Madame aliacha kucheka. Aliandika kitu mu carnet yake, kisha akanipatia karatasi nyeupe: bila maandiko yangu, conseil haitaamini. Karatasi ile munaijua. Neno "clientes" niliandika mara mbili, ya kwanza niliikosea.

Vendredi conseil ilikaa. Hakurudilia. Ku cinquième, darasa ya tano, anaendelea na hesabu zake tano za nguvu, na swali yake mwenyewe ni hii: kama mikono mbili inasuka kichwa moya masaa sita, mikono munane itachukua masaa ngapi, na ni mukono ya ngapi yenye itaanza kugonga ingine? Anakuja na chronomètre ku salon, anatupima sawa bakimbiaji. Devoirs anafanya peke yake, dakika kumi, cahier imegeuzwa ku ukuta.

Siku ya kwanza ya ile, tulisuka nywele tu. Maman wa chini ya casque aliuliza leo ni divisé par ngapi. Rafiki yangu wa Bujumbura alisuka mustari muzima mupaka mwisho. Kisha akaniangalia mu kioo:

— Bon. Mutoto amepita. Na sisi? Miye nilikuwa naanza kuelewa.