Bei ya Kiroba na Mikono Niliyoihesabu

Wiki ile swali moja lilininyima usingizi, nikiligeuza kila upande: je, ni bei yangu iliyomvunja wifi yangu mkono?

Naiita bei yangu kwa sababu mimi ndiye niliyeitaja kwanza kwenye mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimerudi nyumbani na digrii, sina kazi, na mtendaji wa kijiji alinipa kazi ya kujitolea ya kuandika mihtasari kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Mkoa wetu ulikuwa bado mpya. Maduka ambayo nilipokuwa mtoto yaliuza chumvi na mafuta ya taa sasa yalijaa bidhaa hadi mlangoni, na kati ya bidhaa hizo kulikuwa na viroba, vile vipakiti vidogo vya nailoni vyenye pombe kali, vikining'inia kwenye kamba karibu na sabuni ya unga. Kiroba kimoja kilikuwa rahisi kuliko soda. Mtu aliyepalilia maharage ya jirani yake kwa nusu siku aliweza kunywa hadi asimtambue mama yake mzazi.

Wiki moja kabla ya mkutano vijana wawili, waliokaa dawati moja shuleni, waligombania kiroba mbele ya duka. Mmoja alikuwa na panga la kukatia majani ya ng'ombe. Alimpiga nalo mwenzake shavuni, na lilipotoka meno yalionekana kwa nje. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale nimeshika sukari yangu. Sikupiga kelele. Nilisimama nikifikiria kama nimkimbilie aliyekatwa au nimnyang'anye panga aliyekata, na nikiwa bado nafikiria mama mmoja alivua kitenge chake akamfunga yule kijana taya. Damu iliingia kwenye magunia ya mahindi. Muuza duka alimwaga ndoo ya maji, akafagia, akaendelea kuuza.

Ndiyo maana mkutano ulijaa. Wengi walitaka viroba vipigwe marufuku. Niliomba nafasi, nikasema tukivipiga marufuku vitauzwa kwa kujificha, na hakuna atakayejua nani anauza nini. Afadhali tuweke bei ambayo hakuna duka litakaloruhusiwa kuuza chini yake, mara mbili ya bei ya sasa. Anayetaka kunywa anywe, ila kibarua cha nusu siku kisitoshe kumlewesha.

"Binti," alisema mzee mmoja aliyejifunika shuka hadi masikioni, "serikali imeachia bei ya mahindi, imeachia bei ya mbolea, kila mtu anauza anavyotaka. Wewe umesoma ili uje kufunga koo langu?"

Watu wakacheka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Jibu swali."

"Koo lako sijalifunga, babu. Litameza polepole tu."

Safari hii walicheka kwa upande wangu. Muuza duka, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh ambaye mwenyewe hakuwa mnywaji, alikubali haraka mno. "Mimi sina neno," alisema. "Mkiniambia niuze ghali, nitauza ghali." Nilikuwa nimefika nyumbani nilipogundua kwamba nyongeza yote ingebaki mfukoni mwake.

Mtendaji aliitisha kura ya mikono. Wanaume wachache walinyoosha. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani upande wao, nyuma, wakatazamana. Wa kwanza kunyoosha alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Alinyoosha mkono wa kulia, wenye bangili ya shaba, juu kabisa. Wengine wakafuata. Nilihesabu, halafu nikaogopa kwamba nimekosea. Mimi ni mtu wa kurudi mara mbili kuangalia kama nimefunga mlango.

"Msishushe!" nikasema. "Nyoosheni juu zaidi, nahesabu tena."

Wakabaki vile, mikono hewani, na waume zao waliokaa mbele wakageuka mmoja mmoja kuangalia mkono ni wa nani. Hesabu ya pili ililingana na ya kwanza.

Bei ikapanda. Siku iliyofuata vijana walivunja dirisha la duka kwa mawe, wakamburuta muuza duka hadi barabarani na kumpiga mateke ya mbavu mpaka wazee walipoingilia. Baada ya hapo wanywaji walianza kutembea hadi kijiji cha pili, upande wa Endasak, ambako bei haikubadilika. Mwendo ni mrefu na kilima ni kikali, na siku za kulima wengi hawakwenda. Mbele ya duka pakawa na utulivu ambao sikuwa nimeuona tangu nirudi. Nilianza kujisikia mtu wa maana.

Siku ya nne mama aliniita nikimbie kwa kaka. Nilimkuta wifi sakafuni jikoni, ameegemea gunia, mdomo umepasuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na bangili ilikuwa imezama kwenye uvimbe. Mchi wa kinu ulikuwa chini, karibu na mlango. Watoto walikuwa wamejibanza nyuma ya mtungi na hawakulia.

Hospitalini Katesh walilazimika kuikata bangili kwa koleo. Mama alimwambia daktari kwamba mkwewe aliteleza kisimani. Angesema amepigwa, daktari angedai PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, na fomu ingemtaja kaka. Wifi alinyamaza. Nami nilinyamaza, nimemshikia kiatu chake kimoja. Wakamfunga plasta ngumu kutoka kiwiko hadi vidole.

Kuanzia hapo lile swali halikuniacha. Kichwani nilikuwa nimeshapanga kila kitu: bei ilipanda, hela ya kaka haikutosha, akadai kwa mkewe, akanyimwa, akapiga. Chuoni nilichora mistari ya bei kwa miaka mitatu, na hakuna mstari hata mmoja uliopita jikoni kwa mtu. Nilitaka kurudi kwenye mkutano kuomba bei ishushwe. Halafu nilimkumbuka kijana mwenye meno nje ya shavu, nikataka ibaki. Nilifika mlangoni kwa mtendaji mara mbili na mara zote mbili nikageuza.

Baba mkubwa, ambaye ndiye kichwa cha ukoo tangu baba afariki, alituita Jumamosi. Kaka zake wifi, walioko Balangdalalu, walikuwa wamesikia na walitaka maelezo. Baba mkubwa alikuwa amekwishaamua: kaka atawapa mbuzi wa kuwapoza, na mimi nitaandika barua kwamba wifi aliteleza kisimani, tuitie sahihi sote kama mashahidi.

"Wewe ndiye mwandishi wetu," aliniambia.

Kaka alikuwa amekaa karibu na mlango, fimbo yake kati ya magoti. Huyu ndiye aliyelima mashamba ya watu nikiwa sekondari ili ada yangu ipatikane. Siku niliyoondoka kwenda chuo alibeba sanduku langu la bati kichwani hadi stendi, akakataa nimpokee hata kidogo.

"Shikamoo, kaka," nilimwambia.

"Marahaba. Uandike vizuri. Usituletee Kiswahili cha chuoni, hao shemeji zangu watadhani ni mahubiri."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Bado naisikia sauti yangu ikicheka. Niliwaambia wanipe hadi Jumatatu, nimuulize wifi kisima kilikuwaje, barua isije ikapingana na maneno yake.

Nilimkuta uani anachambua maharage kwa mkono wa kushoto, ungo umekaa mapajani.

"Wifi, nisamehe," nilianza. "Ni ile bei."

"Bei gani?"

"Ya viroba. Kama isingepanda, asingekosa hela ya kunywa, asingekuja kudai kwako."

Alitupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. "Nani amekuambia alidai hela? Hakuwa amekunywa. Tangu mkutano hajagusa. Alisema ni ghali, na huko Endasak haendi kama mbuzi aliyepotea."

"Sasa kwa nini?"

"Aliingia, akanisalimia vizuri. Akauliza, ni mkono upi ulionyoosha mbele ya watu? Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha."

Alichambua kidogo, akaendelea.

"Akilewa najua pa kumweka. Kesho yake huamka, huomba msamaha, huchota maji yeye mwenyewe. Safari hii hakuomba. Aliniambia wa kushoto ameniachia nimpikie."

"Nilisema mnyooshe juu zaidi," nilisema. "Nilihesabu mara mbili."

"Nilikusikia."

"Nisipoandika hiyo barua..."

"Wifi, wewe unafikiri sana." Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Mimi hapa nasikiliza viatu vyake tu. Nikivisikia vinakuja, sijui ni vya leo au vya siku ile. Ukiandika niliteleza, nitateleza tena."

Niliondoka bila kumwahidi kitu. Jumapili kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Niliwaza: nikikataa, kaka atafungwa, na watoto watalimiwa na nani? Nikikubali, mkono wa kushoto. Nikishtaki, mama atasema nimemuuza aliyenisomesha. Kuhusu bei sikuwa na swali tena. Ilikuwa imefanya kile ambacho bei inaweza kufanya. Ilimpunguzia kaka pombe. Kilichobaki baada ya pombe kupungua hakikuwa kazi ya bei, na muda wote nilikuwa nimejificha nyuma ya bei ili nisikiangalie.

Jumatatu asubuhi, badala ya kwenda kwa baba mkubwa na karatasi, nilimpigia kijana wa pikipiki. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye mlima. Wifi alitoka amejifunika shuka juu ya plasta, mtoto mdogo amemwacha kwa mama. Mama alitutazama kutoka mlangoni.

Tulimkuta kaka njiani, pale inapobana kati ya mashamba mawili ya mahindi; dereva akasimama, nami nikashuka. Macho yake yalikuwa safi. Hakunuka chochote.

"Mnakwenda wapi?"

Kwa kawaida swali kama hilo hulitafutia majibu matatu kabla ya kufungua mdomo. "Polisi," nilisema.

Fimbo ilinipata begani, karibu na shingo, nikaanguka kwa magoti kwenye matope. Ya pili niliikinga kwa mkono na vidole vikafa ganzi. Kijana wa pikipiki alipiga kelele, "Bro, acha, utaua mtu!" lakini hakuzima injini.

"Nimekusomesha mimi!" kaka alisema. "Mimi!"

"Ndiyo, kaka. Umenisomesha."

Nilipanda tena nyuma ya wifi. Tulipompita alishika shuka nililojitanda, likachanika, likabaki mkononi mwake, na jiwe alilorusha lilimpiga dereva begani. Hakusimama.

Kituoni Katesh askari wa zamu alituangalia, mimi na matope yangu na wifi na plasta yake. "Na ninyi mmeteleza wote wawili?" aliuliza.

"Hapana," wifi alisema. "Nimepigwa. Kwa mchi."

Askari alivuta daftari. Aliandika jina lake, kijiji, siku ya tukio, kisha akanigeukia mimi. "Shahidi. Huyo aliyempiga ni nani kwako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

Aliacha kuandika. "Dada, hili nikishaliandika halifutiki. Una uhakika?"

"Andika."

Wifi alisaini kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi zikilala kila moja upande wake. Akanisogezea karatasi. Bega liliniuma hadi kwenye jino. Nilitia sahihi yangu chini ya yake, nikamrudishia askari bila kuisoma mara ya pili.