Kichocheo Kabla ya Baridi

Etelka Bodrogi alikuwa mfanyakazi wa maabara mjini Szeged. Kazi yake ilikuwa kuwapandikiza bakteria jeni ya binadamu, wamtengenezee protini zile zinazojipanga nyuzi ndani ya seli na kuishikilia isibonyee, kama miti ndani ya ukuta wa udongo.

Majira hayo ya baridi alishughulikia protini yenye kasoro, ileile iliyokuwa ikimla misuli mdogo wake, Ödön. Protini hiyo ina kiburi. Bakteria wakiitengeneza kwenye joto hufanya pupa, nayo hujikunja ovyo ikawa madonge. Sharti chupa walimo zipoe kwanza, ndipo utie kichocheo, kile kinachowaamuru waanze kuitengeneza, wafanye kazi taratibu hadi asubuhi. Na hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho: Jumatatu chumba kilikuwa kinapewa watu wengine.

Siku hiyo ikasadifu kuwa sikukuu ya jina lake, ambayo kwao husherehekewa kama siku ya kuzaliwa. Chupa zimeingia tu kwenye mashine ya baridi, wenzake hao, na vitumbua vya chumvi na palinka, pombe kali ya matunda.

"Mama Etelka, Mungu akuweke! Shika kikombe."

"Nina kazi, jamani."

"Kazi ipo tu. Au unatususa?"

Pale kwao kukataa ni kumtukana mtu. Akanywa, akabusiwa mashavu yote mawili, akacheka. Akarudi mbio akidhani amechelewa, kumbe amewahi mno. Akatia kichocheo. Aliposhika chupa ya mwisho ndipo akahisi uvuguvugu kiganjani.

Asubuhi akawapasua bakteria, akauzungusha ute wao kwenye mashine. Protini yote ilikuwa imezama chini, donge jeupe. Mkuu wake, Dakta Gerzson, akalitazama.

"Basi, Etelka. Umejitahidi."

Afadhali angefoka.

Jumapili akaenda kwa Ödön.

"Ehe, dada, yule mimi wa chupani anaendeleaje?"

"Nimemharibu. Nilitia kichocheo kabla hajapoa."

"Ulikuwa umelewa?"

"Kidogo."

Ödön akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, akauliza polepole, "Hawatarudia?"

"Hapana."

Akageuzia uso dirishani.

"Dawa ya kuniponya sikuitarajia, dada. Nilitaka kujua tu kinachonila kinafananaje."

Etelka akamvutia blanketi hadi kifuani.