Upana wa Gari

Bi Barua, kama jina lake, alibeba barua za watu kwa miguu miaka ishirini na miwili, na hakuna kichochoro cha mtaa wa mlimani ambacho visigino vyake havikijui. Posta ilipompunguza, zahanati ya figo ikamchukua apange safari za gari lake moja, linalowafuata wagonjwa majumbani na kuwaleta kwenye mashine ya kusafisha damu.

Programu ya kupangia njia ilikuwa ya bure, ya wazi, kila mtu ana ruhusa kuifungua na kuirekebisha. Ila kwenye ramani yake mtaa wa mlimani ulikuwa uwanja mtupu. Bi Barua akauchora mwenyewe, njia kwa njia, miezi mitatu. Kisha akaongeza vipimo vya kubadilisha kila asubuhi: leo mvua, leo gulio, leo shule zimefunguliwa. Wifi yake alimcheka mpaka akakaa chini. "Wewe na kompyuta, wapi na wapi!"

Basi siku moja ikanyesha mvua ya kufa mtu. Aliyengojea gari ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Juzi mashine iliharibika, zamu ikampita. Miguu imevimba, pumzi fupi. Daktari alisema wazi: asipofika saa nne, zamu nyingine ni keshokutwa, na huyu hafiki keshokutwa. Bi Barua akaweka kipimo cha mvua. Programu ikalikwepa daraja lililofurika, ikampitisha dereva, tayari amembeba Mwalimu, nyuma ya karakana ya seremala. Akajivuna kweli kweli.

Simu ikalia. "Dada, umenileta wapi? Hapa hata toroli halipiti! Na Mwalimu humu anahema vibaya."

Njia ile alikuwa ameichora kama alivyoizoea: kwa miguu, mfuko begani. Upana hakuuandika hata mahali pamoja. Huo ndio ujuaji wake!

"Gari lako lina upana gani, kaka?"

"Mita mbili kasoro kidogo."

Akafumba macho, akazipita njia zile upya. Hapa viwiko viligusa kuta zote mbili. Pale mkokoteni wa maji ulimpisha. Akakadiria upana wa kila njia, akauingiza, na wa gari pia. Programu ikatoa njia ndefu, ya kupanda kwanza hadi kwenye matangi ya maji juu mlimani.

"Rudi nyuma, kaka. Panda!"

Waliingia zahanati saa nne kasoro dakika tatu.

Saa tisa Mwalimu akaja ofisini kwa miguu yake, uso umerudi.

"Nisamehe, Mwalimu," Bi Barua akasema. "Nusura nikuue."

"Kosa moja haliachi mke. Miaka arobaini naishi kule, mwanangu. Zimamoto hawapajui, mafundi umeme wanapotea. Leo gari limenifuata hadi mlangoni. Asante. Asante sana."

Machozi yakamtoka Bi Barua, wala hakuyafuta.

"Ila mimi nimefundisha hesabu," Mwalimu akaendelea, "makadirio yako siyakubali. Kesho si siku yangu ya mashine, na futikamba ya kupimia njia zile ninayo. Nitakaa kitini nishike ncha moja, wewe utembee na nyingine."