Mkono wa Kushoto wa Baba

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nichore jembe. Karakana yetu ya uchapaji ilikuwa Old Korogwe, chumba kirefu kilichonuka wino na mafuta ya taa, na mimi nilikuwa binti pekee mle ndani. Nikachora jembe safi, mpini umenyooka kama rula. Mkuu wa Karakana akalitazama, akavua miwani.

"Jembe hili la nani?"

"La mtu yeyote, mzee."

"Hakuna jembe la mtu yeyote. Nenda sokoni ukamtafute mwenyewe."

Nilirudi jioni na mchoro wa jembe la mama mmoja wa Mombo, limelika upande mmoja kwa sababu ya mawe ya shambani kwake. Huo ndio mchoro wangu wa kwanza kuingia kitabuni. Nawaandikia haya ninyi vijana mnaochora juu ya vioo vya tableti, maana kila mnaponiuliza tulianzaje mnauliza kwa sauti ya kunihurumia. Msinihurumie. Tulikuwa na raha zetu.

Kazi yetu ilikuwa kuchora picha za vitabu vya kisomo, vile vya watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma na kuandika. Tulichonga kwenye lino, kitu kigumu kama mpira kilichotengenezwa kwa ajili ya kutandikwa sakafuni. Unachimba kwa patasi ndogo. Panapobaki juu hushika wino, palipochimbwa hutoka peupe. Unapitisha rola, unalaza karatasi, unakandamiza. Lakini kuna jambo moja: picha hutoka imegeuka, kulia kukawa kushoto. Kwa hiyo tulichora kwanza kwenye karatasi nyembamba, tukaipindua kifudifudi, ndipo tukanakili kwenye lino. Kupindua karatasi kulichukua dakika tano tu, na mimi nilizionea uvivu dakika hizo tano.

Saa kumi, wakati wa chai, Mkuu alitusimulia ukoo wa kazi yetu. Alisema vitabu vya mwanzo vilikuja na picha kutoka ng'ambo, mtoto kavaa buti kakaa karibu na moto wa ukutani. Wachoraji wa kwanza wa kwetu walinakili hivyo hivyo. Wakimchora mama jikoni, nyumba inatoa moshi kwa dohani, lile bomba la moshi la juu ya paa, na wala hawajawahi kuiona dohani. Kisha akaja mwalimu wake, mzee aliyechonga kwenye vipande vya mbao kabla lino halijafika. "Huyo ndiye aliyeing'oa dohani akaweka mafiga matatu," Mkuu alisema. "Wakubwa wake walimwambia picha imekuwa ya kishamba. Akawajibu kuwa wasomaji wako shamba." Hadithi hii aliirudia mara nyingi, nasi tulikuwa tukimwigiza akitoka.

Basi wiki moja Mkuu alikwenda Tanga kutafuta karatasi. Mimi nilikuwa nimeachiwa somo la chakula, lenye maneno "Wanakula ugali". Nilikuwa nimeshasifiwa mara mbili tatu na kichwa kimeanza kuvimba. Nikachora moja kwa moja kwenye lino: baba na watoto wake wamezunguka sinia, baba anapeleka tonge mdomoni. Kila tonge likiwa mkono wa kulia. Nikachonga, tukachapa, vitabu vikaenda. Niliyakagua maneno tu, maana hayo yalipangwa kwa herufi za madini ya risasi na mtu mwingine, nami nilipenda kumkosoa.

Mkuu alipokwisha kurudi, Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima alifika kutoka Handeni na kitabu mkononi. Akakifungua mezani pasipo kukaa.

"Darasa la Kwaluguru limefunga vitabu. Wanasema huyu baba anakula kwa kushoto mbele ya wanawe, nasi tunataka wamsome. Nimewabembeleza, wamekataa. Wasiporudi ndani ya wiki hii, darasa nalifunga, na mwalimu wake nampeleka kwingine."

Mkuu aliivuta picha karibu. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Mwalimu wangu alihangaika maisha yake yote ili watu wajione kitabuni," aliniambia. "Wewe umewaonyesha wakijiaibisha. Nenda mwenyewe. Darasa likifa, usirudi hapa."

Nilikwenda na patasi, rola, kopo la wino na kipande cha lino. Darasa lilikuwa kwenye ghala la mahindi. Niliwakuta wamekaa, vitabu vimefungwa magotini. Mbele alikuwa mwanafunzi mmoja mfupi, Bibi Mwanahawa, ambaye wote walimsikiliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemchora huyu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Kwenu mnakula hivi?"

"Hapana, bibi. Na sisi tunakula kwa kulia."

"Sasa mkono wake umeuhamisha kwa nini?"

Nikaweka lino chini, nikachonga mkono mmoja, nikapaka wino, nikalaza karatasi na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Nilipoibandua, mkono ulikuwa umehamia upande wa pili. Watu wakasogea. Bibi akaitaka karatasi, akailinganisha na lino mara tatu.

"Kumbe baba wa watu hana kosa," akasema. "Mvivu ni wewe."

Ghala zima likacheka, nami nikacheka huku nimeona haya. Kisha akanawa, akaketi kana kwamba sinia liko mbele yake. "Haya, nichore mimi. Mimi sihamishwi mkono." Safari hii nilipindua karatasi. Nilichapa picha moja moja mpaka kila mmoja akapata yake, wakazibandika wenyewe kwa uji wa unga juu ya ile mbaya. Kesho yake vitabu vilifunguliwa.

Baadaye nilihamishiwa Handeni, ofisi ya Mratibu yule yule, nikachora mabango ya afya kwa stensili, karatasi ya nta unayoikwaruza kwa kalamu ya chuma. Nikarudi Korogwe kuwa Mkuu wa Karakana mpaka nilipostaafu, kompyuta zikiwa zimeshaingia. Siku hizi mna kitufe cha kugeuza picha, nami nakionea wivu. Lakini kitufe hakijui mtu anakula kwa mkono gani. Hilo mtakwenda kuuliza ninyi.

Mwaka jana mwalimu mmoja kijana wa Kwaluguru alikuja nyumbani kwangu na kitabu kilichochakaa. Alikuwa mjukuu wa Bibi Mwanahawa, na kitabu kilikuwa cha bibi mwenyewe, ambaye alikwisha fariki. Alitaka nimchongee picha za darasa lake. Picha ya bibi ilikuwa imebanduka pembe moja. "Inua," akaniambia.

Nikainua. Chini yake yule baba niliyemchora alikuwa bado anakula kwa kushoto. Pembeni, kwa penseli, herufi kubwa zikipanda na kushuka, mtu alikuwa amemwandikia: KULA KWA KULIA.

"Ndiyo sentensi ya kwanza ya bibi," mjukuu akasema. "Hakuna aliyemwambia aiandike."

Nililia, nikacheka, kisha nikaenda kutafuta patasi zangu.