Tanga la Kupigia Picha

Jamani, leo nimepanda chombo cha tanga pale Ujiji na nimerudishwa kwa kuvutwa kama gari bovu.

Tangazo la wenye chombo lilisema tutatembea ziwani kwa upepo, kama zamani. Nikampeleka shangazi yangu, maana ujanani alikuwa akileta dagaa kutoka Kagunga kwa mashua za tanga. Nilitaka afurahi.

Tukaondoka kwa injini. Nikasema sawa, wataizima mbele.

Hawakuizima. Ilizimika yenyewe, mbali na ufukwe, na ikagoma kuwaka.

Upepo upo, tena mzuri. Shangazi akatazama juu, akamwambia nahodha, "Baba, mbona tanga halishiki upepo?"

Nahodha akajibu bila hata aibu: "Mama, hilo tumelitoboa matundu ili upepo usitusumbue. Ni la kupigia picha."

Shangazi akanyoosha kidole kwenye tanga, akaanza kumsema.

Tumekaa juani mpaka wavuvi waliokuwa wanapita wakatuonea huruma, wakatufunga kamba, wakatuvuta hadi ufukweni, Shangazi bado anamsema nahodha.

Sasa hivi nafungua ukurasa wa hawa watu, nakuta wameshaweka picha yetu. Kamba ya wavuvi wameiondoa pichani. Shangazi yuko mbele kabisa, mdomo wazi, kidole juu. Chini wameandika: "Bibi akiimba kwa furaha."

Nimewasahihisha kwenye maoni, wamefuta. Naomba nendeni nyie, wengi wenu, mkawaandikie hivi:

Bibi haimbi. Anamuuliza nahodha kama na nyumbani kwake wanapikia sufuria ya kupigia picha.