Mama wa mjengo aliyesahau kushangaa

Saa moja asubuhi, Jael Ojwang tayari amechoka. Ametembea kwa miguu kutoka Gatwekera, Kibera, hadi Kawangware, kituo cha 46, hapa Nairobi, na sasa anapanda ngazi za nyumba inayojengwa, ndoo ya maji kichwani. Ghorofa ya tatu mafundi wanamngoja. Anamimina, anashuka, anarudi.

Ana miaka 43, na kazi hii ya mjengo ameifanya miaka kumi na mmoja. Hulipwa shilingi 600 kwa siku, siku kazi ikiwepo. Ukimuuliza magoti yanasemaje, anakujibu kwamba hajapata nafasi ya kuyauliza.

Lakini kilichomkosesha raha majuma haya si magoti. Ni watoto.

Jumapili Jael hufundisha watoto katika kanisa dogo la mabati karibu na kwake. Darasa huanza kwa kila mtoto kusimulia jambo la Mungu aliloliona wiki hiyo. Mmoja alikuwa amemwona konokono akipanda ukuta wa choo bila miguu. Mwingine alishukuru kwamba jino limeng'oka na ulimi sasa una mlango. Jael, aliyekuwa akitoka kwenye wiki nzima ya kubeba mchanga, aliona huo ni mchezo. Akawafunza kutoa ushuhuda kama watu wazima: Bwana asifiwe, namshukuru Mungu kwa uhai, amenilinda, mzidi kuniombea.

Walishika haraka. Baada ya miezi miwili, wote ishirini na wawili walikuwa wakisema maneno yaleyale, kisha wanakaa. Hakuna aliyecheka. Watatu wakaacha kuja.

Mwezi uliopita Christine, wa miaka sita, alitaka kujua mwalimu naye ameona nini. Jael akarudia ushuhuda uleule.

"Hiyo ni ya kila siku," akasema mtoto. "Ticha, wewe Mungu alikushangaza lini?"

Jael akaahidi kuwaletea jibu.

"Nimeokoka miaka ishirini," anasema. "Naomba asubuhi, naomba jioni. Lakini ni nipe hiki, niondolee kile. Kushangaa nilikuwa nimewaachia watoto, na hao watoto nikawanyang'anya."

Jumapili tatu zikapita. Kila jioni alifika nyumbani hoi, akajilazimisha kuikumbuka siku yake, akakuta ngazi tu. Alimwambia mchungaji kwamba akikosa tena, Jumapili hii atamkabidhi mtu mwingine darasa. Inamuuma kulisema hilo hata sasa.

Jumanne asubuhi, anasimulia, alitua ndoo ghorofa ya tatu ili apumue. Jua lilikuwa likiingia kwenye nafasi ya dirisha. Alipoinua uso kunyoosha shingo, aliona dari ya zege, chafu na yenye alama za mbao, imejaa mwanga unaotetemeka. Ulitoka kwenye maji ya ndoo yake.

"Hayo maji nimebeba miaka kumi na mmoja," anasema. "Sikuwahi kuangalia juu."

Msimamizi aliita kutoka chini. Hakusogea. Nyamai, fundi mzee kutoka Kitui asiye na maneno mengi, alikuja kumuuliza kama ameshikwa na kizunguzungu. Jael akamwonyesha dari. Nyamai akatazama, akaweka mwiko chini, kisha akaigusa ndoo kwa ncha ya kiatu ili mwanga ucheze tena. Aliigusa mara tatu.

"Mzee na mvi zake," anasema Jael, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu.

Siku hiyo haikuwa nyepesi kuliko nyingine. Alibeba maji hadi saa kumi na kurudi Gatwekera kwa miguu, magoti yakiuma vilevile. Ila mchungaji amekwisha kuambiwa asitafute mwalimu mwingine.

Jumapili Jael anapanga kukaa kwenye mkeka pamoja na watoto na kuanza yeye, bila maneno ya kukariri na bila kuongeza funzo mwishoni.

"Wataona nimechoka. Wacha waone," anasema. "Nitawaambia tu vile niliona. Na wakinikatiza kabla sijamaliza, kila mtu akitaka kusema yake, nitajua wamerudi."