Usiuhurumie Mguu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia bati likikwaruza bati lenzake, ubaridi unanipita mgongoni. Nimeikumbuka tena juzi pale Mkonze, ulipofungua kisanduku chako cha huduma ya kwanza juu ya meza ya mama yako ili nione ulivyojiandaa kwa kazi. Ulitoa plasta, pamba, bandeji, mkasi na dawa ya kusafishia vidonda. Mwisho ukatoa kwenye mfuko wa shati kile kimkanda chako cha kuzuia damu, ukakikunja mpaka kikapotea kiganjani, ukasema, "Baba mdogo, ona, hata simu yangu ni kubwa kuliko hiki."

Ulikuwa umefurahi, nami nilitabasamu. Kisha nikaomba maji ya kunywa, na wakati naondoka nikakuomba uniachie kimkanda hicho nikakitazame vizuri. Sikukuambia kwa nini.

Nakuandikia kwa sababu mbele ya mama yako nisingeweza kusema haya yote. Jumatatu unapanda lori kuwa utingo, kazi tuliyoifanya baba yako na mimi kabla hujazaliwa; kazi hiyo ndiyo iliyotufanya ndugu hata ukaniita baba mdogo, maana hatukuzaliwa tumbo moja. Yeye akiulizwa kuhusu mguu wake husema ni bati, basi, halafu anauliza bei ya mahindi. Simlaumu. Lakini aliyeumia husahau mengi, na mimi nilikuwepo na macho yangu yakiwa wazi.

Unanijua, mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Nimelala Manyoni, nimekula mlenda wa Kondoa, nimepanga chumba Chamwino nikakihama kabla sijanunua ndoo ya pili. Kila ninapopita hutamani nilikotoka. Ile barabara ya Kibaigwa tu ndiyo siitamani, ingawa huota naipita.

Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam na shehena ya mabati ya kuezekea. Dereva wetu alikuwa Mzee Chibehe, mtu mpole asiyependa haraka. Kibaigwa tulisimama kula. Ulikuwa msimu wa mavuno, magunia yamepangwa juu kuliko nyumba, madalali wanakatizana maneno. Hapo Mzee Chibehe alimpa lifti mama mmoja aliyekuwa anarudi kwake Chamwino. Aliitwa Mama Nyemo, mkunga aliyestaafu, na katika mfuko wake wa sokoni ulikuwa unachungulia mwiko mpya wa kusongea ugali.

Alitusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," tukamwitikia. Baba yako, ambaye siku zile hakuweza kumaliza saa bila utani, alimuuliza kama mwiko huo ni wa ugali au wa kumchapia babu nyumbani. Mama Nyemo akamjibu kwamba ni wa vijana wasio na adabu, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Tulicheka wote. Nakueleza kicheko hicho, mwanangu, ili ujue kwamba siku mbaya haitangulizi tarumbeta.

Mbele kidogo, Mzee Chibehe alihisi mzigo unacheza, akaegesha pembeni. Baba yako alipanda juu kukaza kamba. Alipoifungua ili aivute upya, bati la juu kabisa likateleza. Halikuanguka kwa kishindo. Lilishuka likilia kama kisu kwenye jiwe la kunolea, likampitia nyuma ya mguu, chini ya goti, yeye akashuka nalo mpaka chini.

Alikaa vumbini akautazama mguu wake. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Suruali yangu," maana alikuwa ameinunua safari ileile. Halafu damu ikatoka. Haikuwa ya kuchuruzika. Iliruka, ikapumzika, ikaruka tena, kama bomba lenye hewa ndani, na ardhi ile kavu ikawa inainywa kama vile ilikuwa inaisubiri.

Sisi watu wa malori tuna imani yetu: hakuna kitu kisichofungika kwa kamba. Kwa hiyo Mzee Chibehe alichomoa mfukoni kamba ya kushonea magunia, ile nyembamba, akaizungusha chini tu ya goti la baba yako na kuivuta kwa meno. Kamba ikazama kwenye nyama. Baba yako akapiga ukelele ambao sitaki uusikie kwa mtu yeyote. Na damu iliendelea kutoka.

Halafu ikaja imani ya pili, tuliyofundishwa na wazee wetu kwa nia njema, kwamba kiungo kilichofungwa lazima kipumue, la sivyo kitaoza. Basi Mzee Chibehe akailegeza kamba. Damu ikaruka upya. Akaikaza, akailegeza tena. Kila mguu ulipopumua, baba yako alizidi kuwa mweupe midomoni, na akaanza kusema kwamba anasikia baridi, jua la Dodoma likiwa utosini. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Niliikumbuka methali hiyo nikiwa nimesimama kama gogo, sijui nishike wapi.

Mama Nyemo alikuwa amekwisha kushuka. Alimwambia Mzee Chibehe asogee, akakandamiza kidonda kwa khanga yake kwa uzito wake wote, akaniagiza nichukue kitenge na mwiko kwenye mfuko. Alikikunja kitenge mpaka kikawa mkanda mpana, akakizungusha kwenye paja, juu ya goti, akafunga fundo, akaweka mpini wa mwiko juu ya fundo, akafunga tena. Kisha akaanza kuuzungusha mwiko. Kila alivyozungusha, kitenge kilibana, na damu ikapungua, ikapungua, ikasimama. Ndipo akaikata ile kamba ya magunia na kuitupa. Alimuuliza Mzee Chibehe saa, akaiandika kwa kalamu mkononi mwa baba yako.

Tulimlaza kwenye kitanda cha nyuma ya viti. Mama Nyemo alijaribu kuufunga mwiko usirudi nyuma, lakini mpini ulikuwa laini na umelowa damu, na lori lilipopita tuta la kwanza ukazunguka kidogo. Damu ikachungulia. Akaukaza tena, akaichukua mikono yangu na kuiweka pale. "Shika," akaniambia. "Usiachie mpaka nikuambie mimi."

Mwanangu, nimewahi kulala porini nikisikia fisi. Nimewahi kupanda lori lisilo na breki kwenye mteremko. Lakini hofu ninayoijua mimi ni ya kushika mwiko wa ugali ukijua kwamba ukikuteleza, mtu anakufa. Vidole vilikufa ganzi. Jasho liliniingia machoni na sikuweza kujifuta. Kila tuta nililiona kutoka mbali kama adui.

Mwanzoni baba yako alinisihi kwa utani wake uleule. "Kaka, legeza kidogo tu. Nitakupa dada yangu." Nikamwambia dada yake ananidharau. Akasema atamlazimisha. Lakini tulipoipita Chamwino, ambapo Mama Nyemo alipaswa kushuka na hakushuka, utani ulikwisha. Maumivu ya mkanda yalikuwa yamezidi ya kidonda. Alilia kwa Kigogo, akamwita bibi yako, halafu akanitazama moja kwa moja na kusema, "Wewe ndiye unayeniua. Siyo bati."

Vidole vyangu vilifunguka vyenyewe. Sikuamua. Nilimpenda baba yako, na mtu unayempenda akilia hivyo, mkono hautaki kusikia akili. Mkono wa Mama Nyemo ukaangukia juu ya wangu, mgumu kama jiwe la kusagia. Hakupaza sauti.

"Unauhurumia mguu," akasema, "na mwenye mguu anaondoka. Kaza."

Nikakaza. Nililia, lakini nikakaza mpaka hospitalini, na mikono mingine iliponipokea ilibidi wanifungue vidole kimoja kimoja.

Tulingoja kwenye benchi la nje. Hapo ndipo Mama Nyemo alipojitazama. Khanga yake imeharibika, kitenge hakipo, mwiko hakupata hata kuusongea ugali mmoja. Mzee Chibehe akaanza kumshukuru, yeye akalitazama lile lori pale nje, akasema, "Mna kamba za kufunga kila mzigo duniani. Cha kumfunga mtu hamna." Mzee wa watu aliinamisha kichwa. Mimi pia. Ni kemeo ambalo nimelibeba kila nilikohamia.

Baba yako alipona, na miezi michache baadaye ukazaliwa wewe. Unyayo wake haukuinuka tena sawasawa, ndiyo maana huuburuza anapochoka. Daktari alisema huenda ni bati lililokata mshipa wa fahamu, huenda ni ile kamba nyembamba iliyobana chini ya goti. Hakuna atakayejua. Ila ninapomwona anavuka barabara polepole, mimi huona ile kamba.

Sasa nikwambie kuhusu kimkanda chako. Jana asubuhi nilikaa kwenye kiti nikajifunga pajani, nikaanza kukizungusha kijiti chake cha plastiki. Hapakuwa na damu wala vumbi, wala mtu aliyekuwa akilia. Kabla hakijabana vya kutosha, kijiti kilijikunja, kikavunjika. Nimekuwekea vipande. Kama ningekuwa barabarani, mwanangu, vipande hivyo ningekuwa nimevishika huku namtazama nani?

Nilikwenda mjini kwenye duka la vifaa vya hospitali, si kwa wale wanaopanga chini pamoja na chaja za simu. Nilimweleza muuzaji ninachotaka, naye akanionyesha mkanda unaokunjwa ukawa mdogo lakini ukifunguliwa ni mpana, unazidi upana wa vidole vyangu viwili. Udogo ni mzuri, sikatai. Kisanduku kikubwa huachwa nyumbani. Ila udogo utokane na kukunjwa vizuri, usitokane na kupunguzwa upana, maana kilicho chembamba hukata nyama kabla hakijazuia damu. Kijiti chake ni kigumu, nimekikaza kwa nguvu zangu zote na hakikulalamika. Unaweza pia kuuvaa na kuukaza kwa mkono mmoja, kwa sababu hujui kama siku hiyo utakuwa na mikono miwili. Nimenunua miwili, mmoja wa kujifunzia na mmoja wa kazi. Ule wa kazi usiuchezee, ukauchakaza.

Ila nao utoe kwenye nailoni. Wengi huuweka ulivyotoka dukani, halafu siku ya siku wanahangaika na nailoni kwa vidole vilivyolowa. Tafuta mhudumu wa afya akuelekeze, usiridhike na maandishi yangu. Mkanda wa kazi ukae juu ya vitu vyote kisandukuni, au kwenye mkanda wa kiti kabini, popote mkono unapofika bila kuuliza. Usiuzike chini ya plasta. Plasta inaweza kusubiri.

Damu ikiruka na kukandamiza hakutoshi, funga juu zaidi ya kidonda, kati yake na moyo, usifunge kwenye goti lenyewe wala kiwiko, ukaze mpaka damu isimame. Utamuumiza mtu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Andika saa, kimbia hospitali, na usilegeze njiani hata akikuahidi dada yake. Na huo ni wa mkono na mguu tu. Aliyeumwa na nyoka usimfunge, ingawa huku kwetu utaambiwa ufunge. Mtulize asitembee, mpeleke hospitali.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimeona guu lenyewe, na ni la baba yako.

Kuna sehemu moja ya mkanda huu niliyoitazama kwa muda mrefu pale dukani, mpaka muuzaji akaniuliza kama kuna tatizo. Ni kile kibanio kidogo kinachokishika kijiti kisirudi nyuma ukishakikaza. Nikamwambia hakuna tatizo. Nilikuwa naitazama mikono yangu ya siku ile, mwanangu, isipokuwa chenyewe hakichoki, na hakimsikii mtu akilia.

Kesho naileta yote miwili Mkonze. Nitakuomba uufunge ule wa kujifunzia pajani mwangu mbele ya baba yako, uukaze nikilia, na usinihurumie.

Mungu akutangulie kwenye kila tuta na kila mteremko. Mizigo yako ifike, kamba zako zishike, na mkanda huu uzeeke kisandukuni bila kuonja damu ya mtu. Na kama siku itakuja, basi mkono wako uwe mgumu kama wa Mama Nyemo, na moyo wako ubaki kuwa wa baba yako. Amina.